Fika, Fiku

Watu wa mtoni walimpa baba yangu jina la utani, na hadi leo mtu akisema tu "gari limefika" namtazama vibaya. Nimekasirika muda mrefu sana juu ya hilo neno. Sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu mimi si mtu wa kusema. Nikiitwa darasani kusoma kwa sauti, mwalimu hulazimika kuja mpaka kwenye dawati langu anisikie. Basi nitaandika.

Baba alifanya kazi kwenye jukwaa la chuma lililoelea katikati ya Nile, pale Juba, juu kidogo ya daraja la zamani. Tulikuwa tumepata uhuru, na nchi mpya ilitaka daraja jipya. Kabla ya kujenga, wahandisi walitaka kujua mwamba wa chini ya mto ukoje, kwa hiyo wakaleta hilo jukwaa na mtambo wa kuchimba juu yake. Shida ya kuchimba juu ya maji ni kwamba maji hayatulii. Bomba la kuchimbia likishaingia kwenye mwamba, jukwaa halifai kusogea. Likisogea, bomba linapinda au linakatika. Kazi ya baba na wenzake ilikuwa kuhakikisha halisogei.

Alinionyesha nyumbani kwetu, mtaa wa Atlabara, jinsi linavyofungwa. Alinionyesha kwa mikono kwa sababu hatukuwa na lugha moja. Mimi na mama tulikuwa wakimbizi Kenya, tukarudi mwaka wa uhuru. Baba hakuondoka. Alikaa Juba vita vyote vile vya zamani, akazeeka na Kiarabu chake cha Juba, na mimi nikamrudia na Kiswahili changu na Kiingereza cha shule. Tulikuwa kama wageni wawili waliopangishwa nyumba moja. Siku hiyo alichukua sinia ya chai, akaiweka chini, akafunga uzi kila pembe, na kila uzi akaufunga kwenye mguu wa kiti. Nyuzi mbili upande maji yanakotoka, mbili upande yanakokwenda. Akaivuta sinia huku, ikakataa. Akaisukuma kule, ikakataa. Kisha akalegeza uzi mmoja tu, na sinia nzima ikageuka kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Akanitazama kuona kama nimeelewa. Nikacheka. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipocheka mbele yake.

Kwenye jukwaa nyuzi zilikuwa waya nene za chuma, kila moja na winchi yake, na mwisho wa kila waya kuna nanga imezama kwenye matope. Mto ukijaa unalegeza kidogo, ukipungua unakaza. Visiwa vya magugu vikija vinaelea kutoka juu, unavisukuma kwa mti mrefu visiving'ang'anie waya. Baba alishika winchi ya mbele kulia, moja ya zile mbili zinazobeba nguvu ya mto.

Nyapara wao alikuwa Mganda, mtu mnene mwenye sauti kubwa, na kazini aliamrisha kwa Kiswahili chake cha kule kwao. Siku moja alikuwa ndani ya mtumbwi kando ya jukwaa, akaona kitu kwenye waya, akataka baba aje pembeni aone. Akapiga kelele:

"Fika! Wewe mzee, fika!"

Sasa, kwa Kiarabu cha Juba kuna neno fiku. Maana yake fungua, legeza, achia. Mtambo unanguruma, mto unavuma, mtu yuko chini kwenye mtumbwi anakupungia mkono na kupiga kelele, wewe umeshika winchi. Ungesikia nini? Baba aliinua jino linalozuia winchi. Waya ukakimbia. Jukwaa likageuka vilevile kama ile sinia, bomba likapinda ndani ya shimo, na kijana mmoja wa mitambo akaangushwa majini. Walimwopoa mzima, anatapika maji na matusi.

Wahandisi walipouliza, waliuliza kwa Kiingereza. Nyapara akajibu kwa Kiingereza. Alisema huyu mzee hasikii maagizo, na pengine amekunywa. Baba yangu hanywi. Alisimama pale, kofia mkononi, akisikiliza lugha isiyo yake ikimhukumu. Nyumbani ndipo alipomwambia mama: "Uo gale fiku, ana fiku." Amesema fungua, nikafungua. Mama alianza kucheka, hakuweza kujizuia, kisha akafunika uso na kanga na nikajua hacheki tena.

"Mwambie akaseme kesho!" nilimwambia mama. "Mwambie awaeleze hilo neno!"

"Awaeleze kwa mdomo upi?"

"Niende mimi nikaseme!"

"Wewe?" mama akasema. "Wewe ambaye ukitumwa chumvi dukani unarudi na sukari kwa kuogopa kusema umepewa siyo?"

Alikuwa anasema kweli, na hilo nalo liliniudhi. Lakini aliyeniudhi zaidi ya wote ni baba. Nilimtazama anakula polepole, anapangusa sahani kwa kipande cha kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, mtulivu kama kwamba ni mtu mwingine aliyesingiziwa. Nilitaka apige meza. Uhuru gani huu, mtu aliyebaki hapa mabomu yakianguka aje kufanywa mjinga kwenye mto wake mwenyewe, eti kwa sababu hajui lugha za watu walioingia juzi na ndege? Na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa walioingia juzi.

Hawakumfukuza. Walimwondoa kwenye winchi, wakamfanya mlinzi wa jukwaa. Nyapara alisema, "Ulifungua, sasa ulinde." Wenzake wakaanza kumtania kwa neno lile, nyapara akicheka nao. Akipita sokoni: "Fika, umefika?" Akikaa kunywa chai: "Fika hapa, Fika!" Mwanamke mmoja muuza chai akawa anauliza, "Binti ya Fika, hujambo?" na nilikuwa natamani kumwaga birika lake lote. Baba aliwajibu wote kwa kuinua mkono.

Halafu vita vikarudi.

Sitaandika jinsi vilivyoanza, kwa sababu watu wakubwa bado wanabishana. Kwetu vilianza kwa milio ya risasi upande wa kambi ya jeshi, na asubuhi mtaa mzima ukawa unafunga magodoro. Baba alikuwa zamu kwenye jukwaa. Jirani yetu, Mganda mwenye lori la kupeleka bidhaa Nimule, mpakani, alisema atatubeba.

"Lakini mimi iko naondoka sasa hivi, mama," alisema. "Gari iko ngambo ya daraja. Sita-ngoja mutu. Hata ikiwa bwana yako."

Tulipita mtoni, mama akiwa na mdogo wangu mgongoni na mimi na begi. Upande wa pili wa mji mabomu yalikuwa yakipasuka, moshi ulikuwa umesimama upande wa chuo kikuu. Ndege ziliondoka uwanjani moja baada ya nyingine, zikituinukia juu ya vichwa. Ndani ya mojawapo walikuwemo wahandisi. Tulijua, kwa sababu mlinzi wa ofisi yao ya pale ukingoni alikuwa amekaa langoni peke yake na funguo, na alipotuona alisema, "Wamekwenda wote. Nyapara naye ametoroka alfajiri. Yule wenu wamemwambia akae mpaka warudi."

Mpaka warudi!

Baba alikuwa jukwaani peke yake. Tulimwona vizuri kutoka ukingoni, shati lake la rangi ya machungwa, anasukuma magugu kwenye waya kwa ule mti mrefu. Risasi mjini, na yeye anasukuma magugu. Mtumbwi wa kazi ulikuwa umefungwa ubavuni mwa jukwaa, unachezacheza, tayari kabisa kumleta.

Mama aliita. "Taal! Taal, ya abu al-banat!" Njoo, baba wa mabinti. Aliita mpaka sauti ikakatika. Baba alitusikia. Aliinua mkono uleule wa kuwajibia wanaomcheka, akaupunga kuelekea daraja.

"Amshi!" alijibu. "Amshi, ana bi ja!" Nendeni, nitakuja.

Mama aliketi chini. Mdogo wangu alikuwa analia. Kule darajani honi ya lori ilipigwa kwa muda mrefu, kisha tena. Nilielewa kwamba baba hatakuja. Angekaa akilinda shimo lililopinda, la watu waliokwishaondoka, kwa sababu walimwambia alinde, na kwa sababu alitaka siku moja waseme mzee huyu anasikia maagizo. Kitu kilinipanda kutoka miguuni. Sikuwa na hofu hata kidogo, nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu haijui Kiarabu.

"Fika!" nilipiga kelele.

Sikuwa nimewahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo. Mama aligeuka kunitazama kama nimemtukana mtu. Hata yule mlinzi wa ofisi alisimama.

"Fika! Fika hapa! Wamekuacha! Unawalindia nini? Fika!"

Baba aliacha kusukuma. Alinyanyua kichwa, akauweka ule mti chini, akasimama tu akiangalia ukingo. Labda hakunitambua. Kisha akainama ubavuni, akaanza kufungua kamba ya mtumbwi.

Mpaka leo sijui alisikia nini. Fika au fiku. Sijamuuliza.

Na hata hapo hakuja upesi! Alipokuwa ameshaifungua, akaishika kwa mkono mmoja, akakumbuka. Akaifunga tena. Akazunguka jukwaa lote, winchi hii, winchi ile, akigusa kila waya kwa kiganja, akilegeza huku na kukaza kule, ili mto ukijaa naye hayupo jukwaa lisipate shida. Nilitukana. Nilisema maneno niliyoyasikia kwa makonda Kenya na sikujua kama nayajua. Mama hakunikataza. Baba alipopiga makasia na kufika, alikanyaga matope, akambeba mdogo wangu, akaanza kutembea kuelekea daraja, na mimi nyuma yake na begi.

Lori lilikuwa limeanza kusogea. Dereva alituona kwenye kioo, akapunguza mwendo tu, hakusimama. Mikono ya watu ilituvuta juu.

Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, tulisimama. Barabara ilikuwa imejaa malori na watu waliokuwa wakinunua maji kwa bei ya wazimu. Na nani alikuwa ameketi juu ya gunia la mtama kando ya barabara, anakula ndizi, anasubiri nafasi ya gari? Nyapara. Alimwona baba kabla sisi hatujamwona yeye. Akasimama, na ndizi yake mkononi, na mbele ya watu wote akauliza:

"Wewe! Hile jukwaa umeacha na nani?"

Nilidhani labda anatania. Hakuwa anatania. Mtu aliyekimbia alfajiri, anamuuliza aliyebaki.

Baba aliinua mkono. Ule mkono. Nikaushika nikaushusha.

"Ameliacha na nanga zake nne," nilisema. Ile sauti kubwa ilikuwa bado ipo. "Na wewe uliliacha na nani?"

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Wa Fika. Nilimwita mimi. Nilimwambia fika, akafika. Si ndilo neno lako? Ulisema fika, yeye akasikia fiku, ya Kiarabu, fungua. Ulikuwa unajua. Muda wote ulikuwa unajua, na ukasema amekunywa."

Mwanamke mmoja kwenye lori akarudia kwa Kiarabu, taratibu, kwa waliokuwa hawakuelewa, na mzee mmoja akaguna kwa mshangao. Kisha wakaanza kucheka, na safari hii hawakumcheka baba. Nyapara alisema kitu kuhusu watoto wa siku hizi. Alikuwa amebonyeza ndizi mpaka imemtoka kati ya vidole.

Dereva akamwambia, akimwita bwana kwa lugha ya kwao, "Nafasi hakuna, sebo. Ngoja ingine."

Lori liliondoka. Baba alikuwa amekaa juu ya godoro letu, mdogo wangu amelala mapajani mwake, anaangalia nyuma mto ulikokuwa. Alikuwa ameelewa kwamba nimesema juu yake, ila sehemu kubwa ilikuwa imempita.

"Ita kelem shunu?" aliniuliza. Umesema nini?

Nilikuwa bado nimemkasirikia, yeye zaidi ya yule nyapara. Nilimwambia mama amweleze. Mama akakataa. Alisema koo lake limekwisha, na kwamba mdomo ninao. Basi nikamsogelea baba, nikaanza kumweleza kwa Kiarabu changu kibovu, na yeye akawa ananisahihisha kila neno.