Wageni wanashuka kwa mama yake, yeye anabaki kutandika vitanda

Saa moja kasorobo asubuhi. Ukungu bado umefunika vilele vya majabali ya ghuba, na abiria waliolala melini ndiyo kwanza wanajitokeza na vikombe vyao vya kahawa, wakishangaa mawe yanavyochomoza majini kama meno ya mtoto. Chini yao, nyuma ya jiko, mwanamke wa makamo anaanika taulo.

Anaanika haraka, vibanio viko mdomoni. Taulo zote ni nyeupe. Mwisho wa kamba anatundika kitambaa cha njano kilichopauka, anakivuta mpaka kinyooke, kisha anasimama. Asubuhi nzima hatasimama tena mikono ikiwa mitupu.

Ng'ambo, katika kijiji kilichojibanza chini ya jabali, kuna nyumba yenye bati la buluu. Kwenye ukuta wake wa mbele unaning'inia mkeka mwekundu.

"Mama yangu yule," anasema bila kugeuka. "Ndiyo salamu zake."

Wenzake wanamwita Mama Mashuka, na jina limemkaa. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja akihudumia vyumba kwenye meli hii ndogo ya watalii. Meli huondoka mjini mchana, ikazunguka taratibu kati ya majabali hadi jua linapozama, ikatia nanga na kulala palepale. Asubuhi husogea karibu na kijiji, na abiria hushushwa kwa mitumbwi kwenda kuona watu wa ghuba wanavyoishi.

Wakifika huko huimbiwa nyimbo za kupigia makasia, hufundishwa kutia nyavu viraka, halafu hukalishwa barazani kujifunza kusuka mikeka. Baraza hilo ni la nyumba ya bati la buluu. Mwalimu wao ni mama yake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa," anasema. "Basi wageni wanakuja kila safari, na mwenyeji mmoja yuko hapa majini anavisha mito foronya." Anacheka, lakini kicheko hakiendi mbali.

Tatizo lake ni saa. Muda ule abiria wanapokuwa kijijini ndio muda pekee vyumba viko wazi. Shuka zivuliwe, mabafu yasuguliwe, sakafu ikauke, yote kabla mitumbwi haijarudi. Wakisharudi nanga inang'olewa, na mjini abiria wengine wanasubiri na mabegi yao. Kwa hiyo kila safari anafika nyumbani kwao, na kila safari hafiki.

Likizo zake fupi huzimalizia mjini kwa wanawe wawili, wanaolelewa na shangazi yao na kusomeshwa kwa mshahara huu huu. Kijijini huenda mara moja tu kwa mwaka, meli inapovutwa nchi kavu kupakwa rangi.

"Nikienda kwa mama, watoto wananuna. Nikikaa na watoto, moyo uko kwa mama. Na mimi ni mmoja, sigawanyiki."

Simu anayo, ila mtandao ghubani ni hadithi. Ukitaka kuupata lazima upande juu ya jabali, na magoti ya mama yake yalishaagana na milima siku nyingi.

Ndiyo maana kikazaliwa kitambaa cha njano. Kilikatwa kwenye gauni kuukuu la mama, mwaka ule binti alipoanza kazi. Walikubaliana hivi: kitambaa kikionekana kwenye kamba, binti yumo na ni mzima, na mama atajibu kwa kutundika mkeka mwekundu ukutani. Kisipoonekana, binti yuko likizo, na mkeka ubaki ndani.

Salamu hizo zimepata misukosuko yake. Mpishi wa meli, bwana mnene mwenye maneno mengi, aliwahi kukichukua kitambaa kile akafutia sufuria.

"Nilitukanwa, ndugu yangu, nikatamani kuogelea hadi mjini," anakumbuka. "Sasa mimi ningejuaje kama nafutia masizi salamu za watu?"

Lakini miezi mitatu iliyopita Mama Mashuka mwenyewe ndiye aliyekosea. Alikiloweka kitambaa kwenye beseni, kazi zikamzonga, akakisahau. Alipokumbuka, meli ilikuwa imeshatia nanga. Akakimbia nacho kikichuruzika maji, akafika nyuma ya meli, akatazama ng'ambo.

Mkeka ulikuwa umeshatundikwa.

"Nikajipa moyo, nikasema labda kaona taulo tu akajua ni mimi," anasimulia. "Safari iliyofuata nikafanya makusudi. Sikutundika kitu. Nikajificha nyuma ya mapipa, nachungulia. Injini ilipopunguza mwendo tu, nikamwona anatoka na mkeka wake, anapapasa ukuta, anatafuta msumari. Nilikaa juu ya ndoo. Mama hakuwa anakijibu kitambaa changu. Alikuwa anaijibu injini."

Alipomweleza mpishi, mpishi akashusha mwiko. "Dada, hata ukiwa likizo siku hizi ule mkeka unatoka. Mimi nilidhani ni pambo la wageni."

Siku hiyo hiyo alimbana mpiga kasia mmoja, mtoto wa mjomba wake, ambaye kila safari alikuwa akimletea jibu lile lile: mama mzima, anakusalimu.

"Macho ya mama yana nini?" alimuuliza kutoka juu ya ngazi.

"Dada, nisamehe. Bi mkubwa alituapisha kijiji kizima."

"Kwa nini?"

"Alisema ukijua utaacha kazi, na wajukuu zake watakosa shule."

Jicho moja, akamwambia, limepofuka baada ya binti kwenda kijijini mara ya mwisho. La pili linaona mwanga na vivuli. Mtu akimsogelea karibu sana humwona kidogo, na hicho kidogo kinapungua.

Tangu hapo Mama Mashuka amekuwa akiwauliza abiria wanaorudi kutoka kijijini. Wengi hufurahi kuulizwa. Mmoja alimwonyesha picha aliyompiga bibi wa mikeka, akamsifia kuwa ana haya, maana alipoambiwa atabasamu aligeuza uso pembeni. Binti aliitazama picha ile mpaka simu ikajizima mkononi. Alijua si haya. Mama alikuwa ameuelekeza uso kwenye sauti ya mkalimani.

"Sikumwambia kitu yule mgeni. Nilimshukuru, nikaenda kuzibua bomba. Nililia bombani humo, nani atajua?"

Anachokitaka si kikubwa. Anataka kushuka mara moja tu, asisubiri msimu wa rangi, ambao uko mbali bado. "Nataka mama anione wakati bado pana kidogo cha kuniona."

Kati yake na baraza lile amesimama msimamizi wa vyumba, mama mmoja mkavu anayeitwa King'ora kwa sababu ya sauti yake. Sheria ya meli ni kwamba mfanyakazi wa vyumba hashuki na wageni. Mama Mashuka aliomba mara ya kwanza, akajibiwa kwa sentensi ambayo sasa melini kila mtu anaijua kwa moyo.

"Leo wewe kwa mama, kesho mpishi kwa shemeji, keshokutwa meli itaendeshwa na nani, majabali?"

Aliomba tena, King'ora akaendelea kuhesabu mashuka. Hakuomba mara ya tatu. Aliendelea kutundika kitambaa chake, ingawa anajua hakionekani. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama umeuliza jambo la kipuuzi. "Sasa nisimsalimu mama yangu kwa sababu haoni?"

Asubuhi hii mitumbwi imeshaondoka na abiria, naye amezama katika chumba cha pili, godoro likiwa limesimamishwa ukutani, ndipo King'ora anapotokea mlangoni. Amekunja mikono ya shati lake hadi kwenye viwiko.

"Safari ijayo," anasema.

"Safari ijayo nini, dada?"

"Utashuka. Vyumba vyako nitavifanya mimi, nahodha nimeshamwambia. Na usije ukarudi hapa na machozi ukanilowanishia mashuka."

Mama Mashuka anabaki na foronya mkononi. King'ora hangoji shukrani, ameshageuka. Mwandishi anapomfuata kwenye ujia kumuuliza kilichombadilisha, anajibu bila kusimama.

"Nilimkuta anamwanikia kipofu kitambaa. Kila safari, kwa kukinyoosha kabisa. Na mimi nilikuwa na mama." Kisha anamkaripia mhudumu aliyeacha ndoo njiani kwa sauti ya kuamsha ghuba nzima.

Saa moja baadaye vitanda vimetandikwa, sakafu zimekauka, na mitumbwi inaonekana ikirudi. Mama Mashuka yuko tena nyuma ya jiko, anaanua. Mpango wake anao tayari, na anaueleza kama mtu anayepanga utundu.

Hatatuma habari kijijini. Atavaa jaketi la kuokolea maisha kama wageni wengine, apande mtumbwi nao, akae barazani kwenye mstari wao, kimya. Mama yake hufundisha kwa kumshika kila mgeni mikono, anapitisha vidole vyake juu ya vya mwanafunzi mmoja baada ya mwingine, akivipanga kwenye ukindu. Atasogea karibu, karibu kabisa, uso wake mbele ya jicho lililobaki. Kama nalo litamkosa, bado kuna mikono.

Anainua mkono wa kushoto. Ngozi imechakazwa na sabuni, na kidole cha mwisho kimepinda. Kilibanwa na mlango utotoni, anasema, na mama alikikanda usiku kucha akitaka kukinyoosha, kikagoma.

"Ataanza na dole gumba," anasema, huku akikikunja kitambaa cha njano na kukitia mfukoni. "Mimi nitanyamaza tu. Nataka nione atafika kidole cha ngapi kabla hajaniita mwanangu."