Nyumba Moja tu ya Kumpokea Fundi

Wivu wa Mama Pasi haukuwa wa kufichaficha. Wengine huwa nao moyoni, wakauvisha tabasamu. Yeye aliuanika kama alivyoanika mashuka ya wateja wake, na mtaa mzima ukauona. Alikuwa mwanamke mfupi, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa kusukuma pasi tangu usichana, kwanza katika chumba cha kufulia cha hoteli, kisha katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo alipowalea watoto watatu, huku akinyunyiza maji kwenye kola za watu na kuwasema wenyewe.

Mumewe alikuwa fundi makufuli. Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, wakati ambapo mwanamume mwenye haya huanza kutafuta kiti cha kukalia, Fundi aliitwa kurekebisha kitasa cha saluni ya nywele mtaa wa pili. Wiki iliyofuata kitasa kikaharibika tena. Na iliyofuata.

"Kitasa gani hicho kinachoumwa kila Ijumaa?" Mama Pasi alimuuliza.

Fundi alijibu kwamba vitasa vya siku hizi havina maisha. Mvua za mwaka huo hazijakatika, mwenye saluni akawa mke mdogo.

Mama Pasi hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwita Saluni, na wakati mwingine "kile kitasa". Fundi akawa analala kwa zamu, huku na kule, na kila shati lake liliporudi kutoka kule, mke mkubwa alilishika kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye mkono wa shati palikuwa na mikunjo miwili sambamba, alama ya mtu aliyepiga pasi bila kwanza kuuvuta mshono.

"Hajui hata kunyoosha shati," aliwaambia wateja. "Sijui anapendewa nini."

Alijua vizuri sana anapendewa nini, na ndicho kilichomkera.

Kisha Fundi akajifungisha kwa kazi yake mwenyewe. Watu wawili walimjia wakisema wamepoteza ufunguo wa ghala lao, akawafungulia. Ghala halikuwa lao. Hakimu hakukubali kwamba fundi mwenye mvi angeweza kufungua mlango mkubwa kiasi kile bila kujiuliza, akampa miaka. Mama Pasi alilia mpaka sauti ikamkauka. Machozi yalipoisha, akagundua kitu ambacho hakumwambia mtu: alikuwa amepumua. Gereza liligawa sawa. Jumapili hii mke mkubwa, Jumapili ijayo mke mdogo, dakika zilezile, dirisha lilelile lenye wavu, na hakuna kitanda. Ni aibu kulisema, lakini nasimulia maisha ya mtu, sitoi mahubiri.

Ndipo ugonjwa ukaingia duniani, watu wakaziba pua na midomo, na lango la gereza likafungwa kwa wageni. Habari zilizotoka ndani hazikuwa nzuri. Wafungwa walilala bega kwa bega, mmoja akikohoa wote wanageuka. Serikali ikatangaza parole ya dharura, kuwaachia baadhi yao kabla ya muda. Redio iliyasema masharti asubuhi na jioni, na Mama Pasi akayashika kama sala: awe mzee au mwenye maradhi ya kudumu, asiwe amefungwa kwa kumwaga damu, awe ametumikia zaidi ya nusu ya kifungo, na awe na nyumba ya kumpokea, yenye chumba chake peke yake na mtu wa kumdhamini. Akishafika asitoke nje ya nyumba hiyo, wala asitembelewe, mpaka ugonjwa upite.

Fundi alikuwa na mvi, alikuwa na kisukari, na damu aliyowahi kumwaga ni ya kidole chake mwenyewe. Lakini sharti lililomkaa Mama Pasi rohoni ni lile la mwisho. Asitoke. Hakuna zamu! Mwanamke atakayempokea atakuwa naye mchana na usiku, wiki hadi wiki, na mwenzake atabaki kusikia habari.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa afisa ustawi wa magereza kujiandikisha. Aliporudi akaihamisha kazi. Meza ya pasi ikatolewa barazani, kamba za nguo zikang'olewa, kuta zikapakwa rangi iliyobaki jirani alipopaka dari lake. Vumbi la barabarani likaziharibu nguo za watu na wateja wawili wakamhama, hakujali. Akaingiza kitanda kipya, akakitandika shuka jeupe alilolinyoosha mpaka likawa kama ubao. "Mtu wangu atakula na kulala hapa," alimwambia binti yake mkubwa, aliyekuja kumsaidia. "Na Saluni ausuke wivu wake kwenye nywele za watu."

Afisa ustawi alifika na barakoa mpaka chini ya macho. Akakiangalia chumba, akaangalia dirisha, akauliza choo kiko wapi. Mama Pasi akamwonyesha: nje, nyuma ya ua, kinachotumiwa na wapangaji wa nyumba tatu. Afisa akaandika kwenye karatasi yake. Alipofika mlangoni ndipo aliposema.

"Mama, kuna tatizo. Huyu mzee ana nyumba mbili."

"Ana nyumba moja. Ile nyingine ni saluni."

"Mke mdogo naye amejiandikisha kumpokea, tena siku moja na wewe. Mwenye nyumba mbili kamati inamhesabu hana nyumba, maana hatujui tutamkagua wapi. Keshokutwa wanakaa, na nafasi ni chache. Mmoja wenu ajitoe kabla ya kesho mchana, la sivyo nafasi yake inapita kwa mfungwa mwingine."

"Si mumuulize yeye mwenyewe?"

"Tulimuuliza." Afisa alijikuna sikio penye kamba ya barakoa. "Alisema tusimtie kwenye matatizo."

Hapo Mama Pasi alitamani Fundi awe karibu amfinye. Alijitanda khanga, akaenda mtaa wa pili kwa miguu yake, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu kitasa kipone.

Saluni ilikuwa imefungwa kwa amri ya ugonjwa. Mke mdogo alitoka mpaka kwenye geti, akasimama mbali kama ilivyoamriwa, barakoa usoni. Ugomvi wa kusimama mbali una taabu yake: kila tusi lilipaswa kupigiwa kelele ndipo lisikike, na majirani wakafungua madirisha.

"Ondoa jina lako!" Mama Pasi alisema. "Mimi ndiye niliyemzalia!"

"Dada, sikatai! Lakini njoo uone chumba!"

"Sitaki kuona chumba chako!"

"Kina choo humohumo ndani, dada! Unajua mwenyewe anavyoamka!"

Mama Pasi alijua. Ni yeye aliyemsindikiza uani miaka yote tangu sukari ianze, taa mkononi, mara tatu, mara nne kwa usiku mmoja, mpaka akajua jinsi anavyoguna akipanda kidaraja cha choo. Kwamba na huyu anajua, kwamba ameihesabu miguno ileile akiwa kitandani mwake, kulimchoma kuliko tusi lolote. Na kiumbe huyu alikuwa amesema kweli. Angetukana angekuwa amemsaidia.

Aligeuka akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alikaa kwenye kile kitanda kipya. Mawazo yaliyomjia yalikuwa mabaya, na aliyaacha yamjie. Kama hakuna anayejitoa, Fundi atabaki gerezani. Gerezani hakuna choo cha ndani wala mwanamke mwenye nywele zinazonukia mafuta. Lango likifunguliwa, zitarudi Jumapili za sawa kwa sawa. Angeweza kunyamaza tu. Hakuna mtu duniani ambaye angesema ni kosa lake peke yake.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, akimsoma usoni.

"Mama, unataka baba atoke, au unataka kumshinda mama mdogo?"

"Vyote viwili."

"Na kikipatikana kimoja?"

Mama Pasi alimwambia aende akaangalie kama pasi imezimwa.

Asubuhi akapiga simu. Aliipiga amesimama, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Afisa, mimi najitoa. Mpelekeni kule."

"Sawa, mama. Umefanya vizuri. Kamati itataka sababu. Niseme nini?"

Sababu ilikuwa hapo ulimini. Ilikuwa fupi: kule kuna choo ndani, na mgonjwa wa sukari hawezi kuvuka ua wa wapangaji wanaokohoa. Lakini kuisema ilikuwa sawa na kumpa Saluni tuzo kwa mkono wake mwenyewe, maneno yakasomwa mbele ya wakubwa kwamba nyumba ya mke mdogo ni bora kuliko ya mke mkubwa. Hilo halikumpita kooni.

"Sema nimeshindwa," alisema.

"Umeshindwa nini, mama?"

"Nimeshindwa kumpokea. Basi."

Fundi alitoka pamoja na wazee wengine. Binti alimwona akishuka garini kwa mke mdogo, amekonda, suruali imeshikwa na kamba, akarudi kumweleza mama yake, ambaye alisema hakuuliza kisha akauliza kila kitu: alivaa viatu gani, alitangulia mguu upi, na yule alimshika mkono au hakumshika. Hakumshika, binti alisema, sheria haikuruhusu. Hiyo ilimpa Mama Pasi usingizi wa siku moja.

Simu ikaja alasiri, namba ya Saluni. Aliiacha ilie, kisha akaipokea kabla haijakata.

"Mama watoto." Ilikuwa sauti ya Fundi, nyembamba kuliko alivyoikumbuka.

"Nakusikia. Umepumzika? Dawa unakunywa?"

"Nakunywa. Nimepewa chumba kizuri. Siku ya kutoka walitusomea karatasi zetu, kila mtu na yake. Yangu ilisema mke mkubwa ameshindwa kumpokea."

Mama Pasi alifungua mdomo amweleze yote: kitanda, rangi ya ukutani, wateja waliomhama, na choo. Angemweleza hata choo. Lakini nyuma ya sauti ya Fundi alisikia bangili zikigongana, karibu sana, na mtu akivuta pumzi. Simu ilikuwa imewekwa wazi ili wote wasikie, na Saluni alikuwa amekaa palepale, akingoja.

"Sikulaumu," Fundi aliendelea. "Umri umekwenda, na kumuuguza mtu ni kazi. Nilitaka tu ujue nimekusamehe."

Mama Pasi alikaza kiganja juu ya meza ya pasi, palipokuwa bado pa moto, asikiondoe.

"Asante, baba watoto," alisema.