Pampu ya Gari la Mikate

Pale gereji walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa akisimama mbele ya gari linalonguruma, macho ameyafumba kama mtu anayeonja mchuzi, kisha anatamka ugonjwa wake. Maringo alikuwa nayo, tusimfichie. Akishapatia, alizunguka ua mzima akijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Sasa masikio yalikuwa yamempa kisogo, na siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Mdogo wake, mshirika wake hapo gereji, alishaanza kushuku. "Kaka," alimwambia, "umri umekwenda. Kaa ofisini upokee funguo za wateja, huku chini ya magari tuachie sisi." Sikio alijibu kwamba hajazaliwa wa kumkalisha kitini, lakini maneno yale yalimchoma. Yeye, apokee funguo!

Asubuhi moja akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwoka mikate, akifoka tangu getini. Gari lake la kusambaza mikate lilikwenda vizuri barabara ya tambarare, lakini likishika mlima linakohoa, linaishiwa nguvu, linazimika. Mdogo wake Sikio alikuwa ameshabadilisha plagi na filta ya mafuta. Wapi!

"Si pampu ya mafuta hiyo?" Sikio akauliza.

"Pampu nzima, kaka. Hebu isikie." Mdogo wake akafungua swichi bila kuwasha injini. Mafundi wote wakaitikia kwa vichwa: naam, inalia.

Sikio akainama karibu na tangi. Hakusikia kitu. Alipoinua uso akaona mdogo wake anamtazama yeye, wala si gari. Kuitikia kwa kichwa kama wenzake kungekuwa rahisi sana.

Badala yake akaenda kabatini, akapangusa vumbi geji ya kupimia msukumo wa mafuta, ile aliyozoea kuiita mkongojo wa wasiojua kazi. Akaiunga kwenye bomba la mafuta la injini, akakaza sawasawa, akautoa mpira wake nje ya boneti na kuibandika geji kwa utepe kwenye kioo cha mbele.

"Twende mlimani," akamwambia mdogo wake. "Wewe endesha. Shemeji, pakia mikate yote, na wewe mwenyewe upande."

"Mimi nimekuwa gunia?" shemeji akauliza, lakini akapanda.

Kwenye tambarare mshale wa geji ulitulia. Walipoanza kupanda, mdogo mtu akakanyaga mafuta, na mshale ukaanza kushuka. Injini bado ilikuwa inavuta vizuri.

"Sasa hivi itakohoa," Sikio akasema.

Ikakohoa.

"Lakini si inalia!" mdogo wake akateta.

"Kulia inalia. Kusukuma ndiyo haisukumi."

Waliporudi akapima nyaya: umeme ulifika wote. Akaitoa pampu ndani ya tangi. Chekeche lake la kuchujia mafuta lilikuwa safi. Basi iliyochoka ni pampu yenyewe. Akafunga mpya, wakapanda tena na mzigo uleule, na mshale haukutikisika hadi kileleni. Shemeji alipiga vigelegele njia nzima. Sikio alikuwa na furaha ya kutaka kushuka acheze barabarani.

Uani, mdogo wake akamsogelea, macho chini, akanong'ona kitu. Sikio aliona midomo tu.

"Sema kwa nguvu," akamwambia, mbele ya mafundi wote. "Masikio yangu yamekwisha. Hata ile pampu sikuisikia."

Mdogo wake akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama: "Nimesema nisamehe, kaka! Hapa hakuna fundi kama wewe! Funguo nitapokea mimi!"

Mara hii Sikio alisikia kila neno.

"Rudia," akasema.