Roketi Iliyokunywa Maji ya Bibi

Kwa nini bibi yangu alifungua kufuli la kisima mwezi wa Oktoba, kiangazi kikiwa kileleni? Nimesoma hadi chuo kikuu, nywele zimeanza kunigeuka, na bado najiuliza. Swali hilo hunirudia kila nipitapo penye kibanda cha fundi baiskeli, nikasikia pampu ikihema na harufu ya mpira uliopata moto ikinifikia puani.

Ili unielewe, msomaji wangu, huna budi uijue kiu ya Newala. Mji wetu umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu. Bonde la Ruvuma tuliliona kila siku kule chini, nayo mabomba yetu yalikohoa hewa majuma kwa majuma. Tulivuna mvua ya bati katika kisima cha saruji chenye kufuli, na ufunguo bibi aliuvaa kiunoni. Maji yaliyoosha mchele yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yakaosha miguu, na miguu tulioshea shinani mwa mpapai.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia milango biashara. Maduka yaliyozoea kuuza vumbi yalijaa bidhaa, hata maji ndani ya chupa za plastiki, jambo ambalo bibi alilihesabu kuwa mzaha. Lakini upepo huohuo ulikizima kiwanda cha korosho, na baba yangu, fundi mitambo, akarudi kukaa barazani, mikono mapajani. Nyumba ilikuwa ya bibi, mama yake mama. Mkwe aliyekosa kazi katika nyumba ya mama mkwe huishi kama aliyeazimwa kiti. Hatimaye baba alipatana na mnunuzi wa Masasi: Jumatatu moja ya Oktoba angekuja kulinunua sanduku la vifaa la baba.

Majuma matatu kabla ya Jumatatu hiyo, mimi, mtoto wa darasa la sita, niliokota karatasi ndani ya mfuko wa koti la mtumba. Ilikuwa na picha ya roketi yenye hatua tatu. Nilimwuliza baba kama yawezekana kuitengeneza. Akaniomba rula.

Kila sentimita ya picha ikawa nne zetu. Hatua ya tatu ilitushinda. Tukabaki na mbili, kila moja chupa tupu ya maji ya dukani. Chupa ya juu iliketi, shingo chini, ndani ya kola ya mpira wa baiskeli iliyofungwa juu ya chupa ya chini. Hewa ikijaa, kola hukaza. Ya chini ikiishiwa nguvu, kola hulegea na kuiachia ya juu iendelee na safari yake. Mapezi tuliyakata kwenye boksi na kuyagandisha kwa utomvu wa mkorosho. Mzee Issa, jirani yetu mchonga vinyago, alituchongea pua kwa mti mwepesi wa kinyago, huku akimtania baba: “Baba Anna, korosho zimekushinda, sasa unautaka mwezi?” Baba alitabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo tangu kiwanda kinyamaze.

Jumamosi, siku mbili kabla ya mnunuzi kuja, tulitia nusu kikombe cha maji katika kila chupa, tukajaza hewa kwa pampu ya baiskeli hadi jasho likatutoka, nikavuta kamba ya kuiachia. Roketi ilipanda kimo cha paa, ikakohoa, ikaangukia kuku, vipande vyote viwili vikiwa bado vimeshikana. Tulirudia mara mbili. Majirani waliokuja kutazama wakacheka, kisha wakaacha kucheka, na hilo likauma zaidi. Baba alianza kufuta spana zake moja moja na kuzipanga ndani ya sanduku.

Kwa heshima ya ukwe, bibi hakuzungumza naye ana kwa ana; maneno yao yalipita kwangu. Jioni ile aliniita uani.

“Anna, kamwulize baba yako, chombo chake kinataka maji kiasi gani?”

Nilikwenda barazani na kurudi. “Anasema theluthi ya kila chupa, bibi.”

“Na amekipa kiasi gani?”

Sikuhitaji kwenda tena. “Nusu kikombe.”

Bibi alichezea ufunguo kiunoni. “Mgeni uliyempa nusu kikombe usimlaumu akiondoka na kiu. Mwambie, kesho tukitoka kanisani, kitatiliwa kipimo chake.”

Jumapili alikwangua kisima mpaka chini, akatoa debe la maji ya rangi ya chai. Baba alipima theluthi ya kila chupa. Nilivuta kamba. Chupa ya chini iliunguruma, ikatapika mkia mweupe, ikapita paa, ikapita mikorosho. Na pale nilipodhani imechoka, ya juu ikachomoka peke yake, ikapaa hadi shingo zetu zikauma. Mvua ndogo ilitunyeshea katikati ya kiangazi. Mzee Issa alivua kofia, akakinga matone. “Tia tena,” bibi akasema, bila kumwambia mtu yeyote. Tulitia tena, na tena, hadi debe likakauka, na mara ya mwisho chupa ya juu ikavuka ukingo na kupotelea bondeni.

Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba kosa letu halikuwa la hesabu. Baba alikijua kipimo tangu mwanzo. Hakuthubutu kukiomba katika nyumba ile. Mwaka uliofuata wakulima wa Makote na Chilangala walikuwa wakimletea azitengeneze mashine zao za kupulizia mikorosho dawa ya salfa, nasi tulikula kwa mikono yake. Lakini siku ile mimi mtoto nilichoona ni debe tupu tu, na bibi akiniambia jioni ile kwamba kisima kimekwisha, hivyo kesho kufuli lake litapata kazi nyingine.

Jumatatu asubuhi mnunuzi wa Masasi alifika mapema. Alilikuta sanduku barazani, na kwenye komeo lake likining’inia kufuli la kisima. Baba alimwambia kwa upole kwamba yeye hana ufunguo. Alisema kweli. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa bibi, naye alikwisha kushika njia ya bondeni pamoja na mama, kila mmoja na ndoo tupu kichwani.