Mbeleko Korongoni

Mume wangu alinitangulia machimboni Geita, nami nikamfuata kutoka Ngokolo muda mfupi baada ya kumzika binti yetu. Homa ilimchukua kabla hajaanza kutembea. Sikulia msibani, na majirani walinisema sana kwa hilo. Waache waseme. Mwili wangu wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Nilijua ni wangu, basi.

Mume wangu alikuwa ameagiza nije na kanga iliyochakaa. Miaka ile madukani hakukuwa na nguo wala sabuni, na wachimbaji walihitaji kitambaa laini cha kukamulia dhahabu. Nikafunga kanga mbili kwenye furushi. Moja ilikuwa ya kazi. Nyingine ilikuwa mbeleko ya mtoto, na hiyo niliibeba kwa sababu nilishindwa kuiacha.

Machimbo yalikuwa kwenye korongo refu, kuta zake zimetobolewa mashimo tangu enzi za Mjerumani. Wanaume walipekua kingo wakitafuta mahali mto wa zamani ulipoacha mchanga wake, nasi wanawake tukausafisha kwa karai kwenye maji machache yaliyobaki. Mchanga mzito uliotuama ulichanganywa na zebaki, ukatiwa kwenye kitambaa, ukakamuliwa. Zebaki ilichuruzika nje, dhahabu ikabaki ndani.

Siku moja nilirudi kutoka kuchota maji nikamkuta mume wangu anakamua kwa mbeleko. Alikuwa amefungua furushi akachagua iliyo laini zaidi. Mwanamume gani hukumbuka kanga?

"Umeleta nzuri hii," akaniambia.

"Haya," nikamjibu. Nilimchukia kidogo, kisha hata chuki ikaniishia.

Kambini kulikuwa na sheria: kitambaa kikishapitisha zebaki ni mali ya kundi zima, kwa kuwa vumbi la dhahabu hujificha kwenye nyuzi. Hakitoki. Mwisho wa kiangazi huchomwa, na kinachopatikana kwenye majivu hugawanywa. Hata hivyo nilimwendea mkuu wa kundi, mzee wa Kisumbwa aliyewaita wanawake wote mayu, yaani mama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu."

"Naiomba ile kanga yangu. Nitawapa nyingine."

"Ile imeshakunywa zebaki, mayu. Ukiondoka nayo watasema umetuibia. Ngoja ichomwe, fungu lako utapata."

Sikumweleza. Kambini waliniita mama wa binti yangu, kwa jina lake, wakidhani nimemwacha kwa bibi yake. Kueleza kungekuwa kumzika upya mbele ya wageni, na sikuwa na nguvu ya kazi hiyo. Nikaendelea kuzungusha karai.

Kiangazi kikaisha. Walikusanya vitambaa na magunia ya kusafishia, wakawasha moto mdogo juu ya bati. Mume wangu ndiye aliyekuwa akivitia motoni. Alipofika kwenye mbeleko aliikunjua, akaona ile pembe ambayo mtoto alizoea kuitafuna, imechanika nyuzi nyuzi. Akabaki ameishika. Watu wakamngoja.

"Ni hii?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Choma," nikamwambia. "Watu wanangoja."

Akaitia. Iliwaka upesi, ikawa jivu. Mzee alikuwa akitutazama sote wawili. Akapekua jivu kwa kijiti, akaibua punje ndogo ya njano, akasema fungu la kitambaa hicho lisigawanywe. Mume wangu akaipokea kwa ncha ya kisu akaniwekea kiganjani. Nikafumba mkono, nikaenda kuosha karai.

Nilipoutia mkono majini ndipo nikahisi. Punje ilikuwa bado ina moto wakati nilipopewa, na ilikuwa imenibabua hadi kiganja kikatoka lengelenge. Nikakaa chini kwenye mchanga nikaanza kulia. Wanawake wakakimbia kuniletea majani ya kupaka. Mume wangu akaja akachuchumaa, akauliza kama kiganja kinauma.

"Kinauma," nikasema, "kinauma sana." Akakishika kiganja changu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamtaja mtoto wetu kwa jina.