Ulanga Uliobeba Miaka Isiyo Yake

Jumapili ile ya kijijini kwetu Liuli haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa mvi zimenijaa kichwani. Wakati wa matangazo baada ya ibada nilisimama mbele ya waumini, kijana niliyetoka chuoni kusomea miamba, nikatangaza kwamba jiwe la mlima wetu ni kongwe kuliko yote nchini. Baba yangu, mvuvi, alinyoosha mgongo kwenye benchi. Kesho yake habari hiyo iliandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa shule, watoto waikariri.

Ushahidi wangu ulikuwa ulanga, yale magamba yanayometameta ndani ya jiwe. Ulanga una potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa na joto kali gesi hutoroka; ukipoa, hubaki na kurundikana. Maabara hupima isotopu za agoni, yaani aina zake zinazotofautiana uzito, ndipo hukadiriwa miaka tangu mwamba ulipopoa. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa ameniagiza nisubiri pia jibu la zirkoni, madini mengine ya jiwe lilelile ambayo nayo hupimwa umri. Sikusubiri.

Jibu lilipofika, zirkoni, iliyokua mwamba ungali chini katika joto na mgandamizo mkubwa, ilikuwa na umri mdogo kuliko ulanga. Nilimpelekea mwalimu karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kwa hiyo mwamba wako ulipoa kabla haujapata moto?"

Alinirudishia karatasi.

"Kule chini agoni ya miamba ya zamani ilikosa njia ya kutokea, ulanga wako ukaimeza. Umekupa miaka ya wengine, nawe ukaipeleka kanisani. Nenda kaichukue ulikoiacha."

Nilimwonea baba uchungu kuliko nilivyojionea mwenyewe, maana hata watu wa kijiji jirani cha Lipingo walikwisha kumpa jina la Baba Jiwe. Hata hivyo Jumapili iliyofuata nilisimama palepale, nikasema nilikosea na nikaeleza kwa nini. Mzee mmoja alipaza sauti: "Kama jiwe limepunguziwa umri, nami nipunguzieni, bado nataka kuoa!" Kanisa zima likacheka. Jumatatu nilifuta ukuta ule kwa mkono wangu, wanafunzi wakitazama.

Siku ya tatu, tukitengeneza nyavu, baba alisema bila kuinua macho: "Nilidhani utaleta udhuru. Sasa watu wakiniuliza juu ya neno lako, nitalisimamia."

Mwanangu, simu yako hukuletea habari mia kabla ya chai. Usiipokee hata moja kwa sababu inang'aa. Uliza ilianzia wapi, kisha mtafute shahidi wa pili asiyemtegemea wa kwanza. Na ukikosea mbele ya watu, jisahihishe mbele ya watu walewale, usijifiche chumbani.

Mungu akupe subira ya kungoja jibu la pili, na miguu ya kukurudisha mahali ulipokosea.