Josiah Obwocha na Unga wa Tabaka

Karibu kila mji niliokaa nimemkuta mtu aliyepewa ufunguo akadhani amepewa akili. Mjini Kisii mtu huyo aliitwa Josiah Obwocha. Mwaka 1968 alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, karani mkuu wa ofisi moja ya elimu ambayo sitaitaja, na ufunguo wake ulikuwa wa chumba kidogo nyuma ya masjala. Humo ilikaa mashine ya kurudufu karatasi, imefunikwa shuka nyeupe kama maiti ya tajiri.

Mashine yenyewe haikuwa na maajabu. Maneno hupigwa taipu kwenye stensili, karatasi nyembamba yenye nta, nayo stensili huvikwa kwenye pipa lililojaa wino. Mtu akizungusha mpini, rola mbili za mpira hukokota karatasi tupu moja moja kutoka kwenye trei na kuzipitisha chini ya pipa, nazo hutokea upande wa pili zimeandikwa. Mtoto angejifunza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Josiah alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na saba, na bado aliisimulia kama daktari anayesimulia upasuaji wa moyo.

Alizaliwa Nyacheki, akasoma miaka minne katika shule ya misheni ya Wasabato, akaajiriwa tarishi. Alibeba mafaili ya Wazungu hadi mmoja wao, aliyechoka kuchafuka wino, akamwonyesha jinsi ya kuzungusha mpini. Huo ulikuwa mwaka 1951. Uhuru ulipokuja, Wazungu waliondoka na mbwa wao na samani zao, wakaiacha mashine kwa sababu ilikuwa imezeeka. Josiah aliuona ule uzembe wao kuwa urithi. Akanunua tai. Akapiga marufuku Ekegusii, lugha ya kwao, ndani ya ofisi, eti Kiswahili ndiyo lugha ya serikali, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Hakikuwa na neno la kuomba wala la kushukuru.

Nitamtendea haki mara moja. Kisii mvua hunyesha karibu kila alasiri, na karatasi hunywa unyevu kama kitambaa. Mwaka 1966 zilikuwa zikigandana, zinatoka mbili au tatu kwa pamoja, moja imeandikwa na nyingine tupu. Josiah alikuwa na shemeji aliyechonga bakuli kule Tabaka, kijiji chenye mawe laini ya kuchonga, na siku moja akarudi na kopo la unga wa mawe hayo, mweupe na wenye kuteleza. Akaupaka kwenye kingo za karatasi. Zikaachana. Mkubwa wa ofisi wa wakati huo alimwandikia barua ya pongezi ya mistari minne.

Hilo ndilo wazo pekee alilowahi kuwa nalo, nalo likampanda kichwani kama chang'aa kwa mtu asiyekunywa. Tangu siku hiyo unga ukawa dawa ya kila kitu. Aliunyunyiza kwenye karatasi, kwenye trei, kwenye stensili zilizohifadhiwa, na mwisho kwenye rola zenyewe.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la ofisi ile kwa sababu nilihitaji muhuri kwenye barua ya kuniruhusu kutembelea shule, na muhuri ulikuwa kwenye droo ya Josiah. Kwa hiyo nilishuhudia wiki nzima.

Jumatatu asubuhi mpiga taipu, Tryphosa Nyaboke, binti kutoka Kebirigo mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, alileta stensili sita za mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Zilihitajika nakala elfu moja na mia tano za kila moja, karatasi elfu tisa kwa jumla. Gari la kuzisambaza mashuleni lingeondoka Jumapili asubuhi.

Josiah akaifunua mashine, akaipiga unga, akazungusha mpini. Rola zikazunguka juu ya karatasi zikivuma, na karatasi haikusogea.

"Hii karatasi iko na kiburi," akasema.

"Karatasi?" Tryphosa akauliza.

"Ni ya kiwanda mpya. Zamani karatasi ilikuwa na adabu."

Akalipepeta bunda, akaligeuza chini juu. Akabana vyuma vya pembeni vya trei, akavilegeza, akavibana tena. Akainua springi inayoisukuma trei. Akaagiza jiko la makaa la kuchemshia chai, akalikausha bunda zima kando yake, nalo likajikunja kama omena kwenye kikaango. Baada ya kila jaribio alinyunyiza unga zaidi.

Kilichokuwa mbele yake ni kinyume cha ugonjwa wa mwaka 1966. Wakati ule karatasi zilishikana; sasa rola hazikushika. Unga ulioponya ugonjwa wa kwanza ndio uliozaa wa pili, na yeye alikuwa anauongeza.

Tryphosa akagusa rola kwa kidole, akamwita baba kwa Ekegusii. "Tata, hii mpira imekuwa laini kama sahani. Ni unga imeingia ndani. Tuioshe na spiriti ile nasafishia taipu yangu."

"Hapa hakuna Tata. Tata yako ako Kebirigo. Hapa kuna Bwana Karani."

"Bwana Karani, rola ni chafu."

"Rola haioshwi! Mimi nimezungusha hii mashine tangu wewe unatambaa. Dawa yake ni hii." Akatikisa kopo. "Ofisi ilinipa barua kwa sababu ya hii. Wewe una barua?"

Tryphosa hakuwa na barua. Alikuwa na chupa ya spiriti tu, akairudisha mezani kwake.

Saa sita akaingia ofisa wa elimu, Bwana Mogire, kijana aliyerudi kutoka chuo kikuu na shahada na woga wa kitu chochote chenye mpini. Aliitazama mashine kwa mbali kama anayetazama ng'ombe wa jirani.

"Bwana Josiah, ni nini?"

"Ni karatasi, sir. Nitaiweza."

"Mimi sitaki kujua ni nini." Ndiye aliyekuwa ameuliza. "Ijumaa jua likizama, kama mitihani haijafungwa, naandika Kisumu watume fundi. Na nikiandika kuhusu mashine nitaandika kuhusu karani pia. Ustaafu mapema. Nyacheki kuna chai, sivyo?"

Josiah akasema kuna chai. Uso wake ulikuwa umeingia rangi ya majivu.

Baadaye ndipo nilipoelewa, nilipomuuliza Onsongo wa masjala kuna ubaya gani mtu kurudi kwenye shamba lake. Onsongo akacheka. Shamba lilikuwa la Josiah kwenye karatasi tu. Mkewe, Bosibori, ndiye aliyepanda chai mwaka 1964 bila kumuuliza, ndiye aliyepogoa, ndiye aliyejulikana kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Josiah akifika nyumbani Jumamosi alikaa kitini, na watu walimpita wakienda kazini. Mjini kulikuwa na chumba kimoja ambamo hakuna kilichofanyika bila yeye. Akikikosa hicho, angekuwa mzee mwenye tai katikati ya shamba la chai la mkewe.

Mtu mwenye akili angeosha rola. Ingemchukua robo saa. Lakini kuosha kulikuwa kukiri kwamba unga ni uchafu, na unga ndio uliokuwa Josiah mzima. Kwa hiyo Jumanne asubuhi alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kulisha mashine kwa dole gumba. Alisukuma karatasi moja kwa mkono hadi chini ya pipa, Tryphosa akazungusha, ikatoka. Akasukuma nyingine.

"Zungusha."

"Nimezungusha."

"Simama. Zungusha."

Karatasi elfu tisa! Nimeona watu wakijitesa kwa ajili ya dini, mapenzi na siasa, na mara nyingi niliweza angalau kuelewa. Sijawahi kuona mtu akijitesa kwa ajili ya kopo.

Ofisi nzima ilikuja kutazama. Onsongo alisimama mlangoni akitafuna muwa.

"Bwana Karani, mimi naona wameleta rola mpya."

"Onsongo, rudi kwa faili zako."

"Rola mzuri. Iko na tai."

Watu wakacheka hadi kwenye ukumbi. Hata Tryphosa aliinamisha uso kwenye mpini. Josiah akasukuma karatasi iliyofuata. Ikaenda upande, na swali la tano la jiografia likatoka limeinama kama mlevi ukutani.

Jumatano ngozi ya dole gumba la kulia ilichubuka. Akahamia la kushoto. Alhamisi alikuwa amefunga plasta yote mawili, na pembeni mwa baadhi ya karatasi za Kiingereza kulikuwa na alama ndogo za kahawia ambazo hazikuwa wino. Tryphosa alimwambia mara tatu tena kuhusu spiriti. Mara ya tatu hakumjibu kwa kelele. Alisema tu, "Zungusha," bila kumtazama.

Ijumaa saa kumi alasiri stensili tano zilikuwa zimekwisha. Ilibaki ya sita, hesabu, nakala elfu moja na mia tano. Kwa mwendo wa kidole wangehitaji zaidi ya saa tano. Jua la Kisii huzama kabla ya saa moja, na jua la Ijumaa likizama Sabato inaingia. Josiah, pamoja na yote niliyosema, hakuwa mtu wa kugusa kazi ndani ya Sabato hata kwa kuokoa kazi yenyewe. Alihesabu kimya, midomo ikitembea. Nilimwona anafika kwenye jibu.

Alisimama. Akajifuta jasho.

"Nakwenda kunawa," akamwambia Tryphosa. "Nitakawia kidogo."

Hakuna mtu anayetangaza kwamba atakawia kunawa. Alitoka, na mlango akauacha wazi, ufunguo ukiwa kwenye kitasa. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiufunga hata akienda kuchukua chai.

Tryphosa aliangalia mlango. Akaniangalia mimi. Kisha akaenda kwenye meza yake akarudi na chupa ya spiriti na leso yake. Alipofuta mara ya kwanza leso ilitoka nyeupe. Mara ya pili ikatoka ya kijivu. Alizungusha rola kidogo kidogo, akisugua kila upande kama mama anayemwogesha mtoto mtundu, hadi mpira ukarudi mweusi na wenye kushika. Akaupuliza ukauke. Akakung'uta unga uliokuwa kwenye bunda jipya, akaipanga trei, akashika mpini.

Karatasi ikaenda. Ikafuata nyingine, na nyingine, moja moja, kwa mlio ule mkavu ambao ofisi haikuusikia wiki nzima. Hesabu zilitoka zimenyooka.

Kupitia dirishani nilimwona Josiah kwenye bomba la uani. Maji yalikuwa yanamwagika juu ya mikono yake na mikono haikusogea. Mlio ulipoanza aliinua kichwa. Hakugeuka. Alibaki hapo, maji ya serikali yakienda bure, mpaka lundo la upande wa pili lilipofika karibu na mwisho.

Akaingia akijipangusa na kitambaa. Chupa ilikuwa mezani, wazi, na leso chafu kando yake. Aliviona vyote viwili.

"Umeona?" akasema. "Dawa yangu inachelewa tu. Lakini ikishika, imeshika."

Tryphosa aliendelea kuzungusha. "Ndiyo, Bwana Karani."

Saa kumi na mbili kasorobo mitihani ilikuwa imefungwa kwa kamba. Bwana Mogire alipita, akayahesabu mafurushi kwa macho, akampa Josiah mkono. Josiah akaupokea kwa vidole vinne. Hakuna aliyeandika Kisumu.

Jumatatu iliyofuata muhuri wangu ulikuwa bado kwenye droo, kwa hiyo niliona na hili. Bwana Mogire alikuwa na hamu ya kuonekana mtu wa maendeleo. Alitaka barua iende kwa kila shule na ofisi ya wilaya yenye mashine kama ile, ieleze jinsi karani wake alivyoishinda karatasi kwa unga wa mawe ya kwetu. Akamwachia Josiah aiandike.

Josiah alisimama nyuma ya Tryphosa, mikono mgongoni, plasta mpya kwenye madole, akaanza kusema, naye Tryphosa akipiga. Kichwa cha habari. Salamu. Historia ya unga, ndefu kuliko ya taifa. Kisha: "Moja. Nyunyiza unga kwa karatasi na rola, kila asubuhi."

Taipu ikanyamaza.

"Andika," akasema Josiah.

"Bwana Karani, wakifanya hivyo, kufika Krismasi mashine zote zitakwama."

"Nani amesema?"

Josiah alinitazama kwenye benchi, nikatazama ukuta. Alitazama mlango wa chumba chake kidogo. Naamini alikuwa anaona mafundi wa Kisumu wakija mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiuliza huu unga ni shauri la nani.

"Futa hiyo," akasema hatimaye. "Andika hivi. Moja. Osha rola na spiriti kila Ijumaa, kabla jua kuzama. Mbili. Unga kidogo sana, kwa kingo ya karatasi peke yake. Rola usiguse."

Tryphosa akapiga taratibu. Alipofika mwisho akageuka kwenye kiti.

"Na hiyo ya kuosha, niandike ni nani alisema?"

"Mimi nimesema. Sasa hivi. Hukusikia?"

Alisikia. Stensili ikavikwa, mpini ukazungushwa, nakala arobaini zikatoka bila hata moja kukwama. Chini ya kila moja kulikuwa na jina moja tu: J. Obwocha, Karani Mkuu.